Korosho za shangazi, laki mbili na elfu tano zilizopotea na swali la "umegawa kwa ngapi?"

Jumatatu moja kabla sijafungua hata daftari la mahudhurio dogo mmoja ninayemfundisha hesabu za jioni hapa Chuno, Mtwara mjini, kaingia na bahasha ya kaki imejaa karatasi. Yuko mwaka wa kwanza diploma ya uhasibu, kijana makini, mpole, lakini siku hiyo alikuwa amevimba. Shikamoo mwalimu, marahaba, akamwaga karatasi mezani akasema chama cha msingi, kile kinachopeleka korosho za wakulima mnadani, kimemla shangazi yake wa Tandahimba laki mbili na elfu tano na yeye ana ushahidi wa hesabu, tena ameshampigia simu katibu wa chama na wametupiana maneno.

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote maana ndani yake kuna karibu nusu ya mambo tunayosoma kwenye hesabu za fedha na takwimu za mwanzo, na mimi nawaambia kila siku hesabu hizi siyo za kwenye mtihani tu. Bei nimezizungusha kidogo ili uweze kufuata kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo usizichukue kama bei rasmi za msimu wowote, ila mwendo wa kisa ndo huohuo.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Shangazi alipeleka chamani kilo 1,000. Minada iliyohusika ilikuwa mitano, bei 3,400 halafu 3,300 halafu 3,000 halafu 2,700 na wa mwisho 2,600. Ukijumlisha unapata 15,000, gawa kwa 5, wastani 3,000 kwa kilo. Kilo elfu moja mara 3,000 ni milioni 3. Makato anayajua, mtoto wa kule yule, ushuru wa halmashauri na ya chama kikuu na chama cha msingi na usafiri na ghala, jumla kaweka 250 kwa kilo na nilipoangalia karatasi ni kweli 250. Milioni 3 toa laki mbili na nusu inabaki 2,750,000. Kwenye akaunti ya shangazi imeingia 2,545,000. Pengo 205,000. Ndo hiyo.

Nikamuuliza kwanza hizo bei umezitoa wapi, akasema grupu la WhatsApp. Nikamwambia hapana, twende kwanza kwenye karatasi za chama, maana kwenye magrupu mara nyingi mtu anarusha ile bei ya juu tu ya siku hiyo, ya chini hairushwi kwa sababu haina raha. Ukikusanya bei za namna hiyo mwaka mzima hujakusanya bei za soko, umekusanya bei zilizowafurahisha watu, na wastani wako utakuwa umepanda juu kabla hata hujaanza kukokotoa. Tukakagua moja moja na stakabadhi. Kwa chama chake zikawa sahihi zote tano. Sawa.

Swali la pili ndo lililofungua kila kitu. Nikamwambia mwanangu hapa umegawa kwa ngapi? Akasema kwa 5. Tano za nini? Za minada. Na shangazi anauza minada au anauza kilo?

Akanyamaza. Nikamwacha anyamaze kama dakika nzima hivi maana hapo ndo mtu anajifunza, ukimpa jibu haraka unamharibia.

Ukigawa kwa 5 unakuwa umesema kila mnada una haki sawa na mwenzake, yaani ni kama shangazi alipeleka kilo 200 mnada wa kwanza, 200 wa pili, na kuendelea mpaka wa tano. Tukafungua stakabadhi tukaona alichopeleka kwa ukweli: mnada wa kwanza kilo 50, wa pili 100, wa tatu 200, wa nne 400, wa mwisho 250. Sasa zidisha kila bei na kilo zake. 3,400 mara 50 ni 170,000. 3,300 mara 100 ni 330,000. 3,000 mara 200 ni 600,000. 2,700 mara 400 ni 1,080,000. 2,600 mara 250 ni 650,000. Jumla 2,830,000, gawa kwa kilo 1,000, unapata 2,830 kwa kilo. Huo ndo wastani wenye uzito na kwenye korosho hilo neno uzito linakaa vizuri kabisa kwa sababu uzito wenyewe upo kwenye mizani unauona. Tofauti kati ya 3,000 na 2,830 ni shilingi 170 kwa kilo, kwa kilo elfu moja ni 170,000. Kwenye zile 205,000 zilizoibiwa, laki moja na sabini hazijawahi kuwepo, zilizaliwa kwenye daftari la dogo pale alipogawa kwa namba isiyo yake.

Ngoja niwape na hii wanaosoma takwimu. Kwa bei tano zilivyo namba ya kati, ile inayosimama katikati ukizipanga kwa ukubwa, ni 3,000, yaani wastani na namba ya kati zimelingana, na mwanafunzi akiona vile anatulia anajua mambo yako safi. Lakini panga kilo zote elfu moja kwenye foleni kuanzia iliyouzwa bei ya chini mpaka ya juu, ya kwanza mpaka ya 250 zimeuzwa 2,600, kuanzia ya 251 mpaka ya 650 zimeuzwa 2,700, kwa hiyo kilo iliyosimama katikati, ya 500, imeuzwa 2,700. Modi nayo, yaani bei iliyobeba kilo nyingi zaidi, ni 2,700. Mtu akimuuliza shangazi kwa kawaida uliuza bei gani, jibu la kweli la mdomoni ni 2,700, na dogo alikuwa anatembea na 3,000 kichwani. Namba ya kati na yenyewe inategemea unapanga nini, minada au kilo.

Zikabaki 35,000. Hizi hesabu haikuzipata, karatasi ndo ilizipata, kwenye mnada wa nne kuna mstari umeandikwa kwa kalamu nyepesi kwamba kilo 70 zimepokelewa daraja la pili, zimeuzwa 2,200 badala ya 2,700. Sabini mara 500 ni 35,000. Pengo limekwisha, hakuna hata shilingi imepotea. Dogo akataka kwenda nje kumpigia katibu palepale kumwomba radhi, nikamwambia subiri kwanza, kaa.

Maana kuna kitu kilinikera toka nilipoona zile kilo. Kwa nini 50, 100, 200? Mikorosho ya kule inaanza kuangusha Septemba, Oktoba, na kila mkulima anajua mnada wa kwanza na wa pili mara nyingi ndo mnono, ndo maana watu wanakesha wanaokota. Mama mwenye shamba la kutoa zaidi ya tani anapelekaje kilo 50 mnada wa kwanza? Nikamuuliza dogo, shangazi alichelewa kupulizia? Akasema hapana, salfa walipata mapema. Mvua? Hapana. Akazungukazunguka halafu akasema basi labda ni zile alizompa yule bwana.

Bwana gani?

Hapo ndo kisa kilipoanza kwangu. Mwanzoni mwa Juni shangazi alikuwa anahitaji laki sita za haraka. Vibarua wa palizi, petroli ya bomba la kupulizia, na mwanae kachaguliwa kidato cha tano, mambo ya godoro, sare, tranka, nauli mpaka mkoa mwingine. Bwana mmoja wa palepale akamletea laki sita nyumbani, taslimu, hakuna fomu, hakuna mdhamini, akamwambia mama hii siyo mkopo na wala sikutozi riba, wewe mwezi wa kumi na moja ukianza utanipa korosho zako kwa 1,500 kilo, yaani kilo 400 tu tumemalizana. Kangomba, kwa jina lake. Serikali imeipiga marufuku miaka nenda rudi na bado inapita mlangoni kwa watu kimyakimya, kwa sababu inakuja na hela mkononi mwezi ambao hakuna mwenye hela.

Sasa angalia. Zile kilo 400 za kwanza kabisa, zile za mnada mnono, zilienda kwa yule bwana na mwanzoni mwa Novemba akawa amemaliza kuzipokea. Chamani vikaenda vijikilo vilivyobaki. Kumbe hata ule wastani wa 2,830 uliokuwa unamkera dogo ulitengenezwa na huu mkopo usioitwa mkopo.

Tukakokotoa. Kama zile 400 zingeenda chamani, 200 mnada wa kwanza na 200 wa pili, ni 680,000 jumlisha 660,000, ni 1,340,000, toa makato 100,000, mkononi 1,240,000. Shangazi alipokea 600,000 Juni akalipa kitu cha thamani ya 1,240,000 Novemba. Riba ni 640,000. Riba imezidi mkopo wenyewe! Gawa kwa 600,000 unapata asilimia 106.7, kwa miezi mitano. Kwa mwezi, ukienda kwa riba ya kawaida isiyozaa, ni asilimia 21 na ushee. Ukienda kwa riba juu ya riba ni kama 15.6 kwa mwezi, jaribu mwenyewe: 600,000 inakuwa 693,600, halafu 801,802, halafu 926,883, halafu 1,071,476, mwezi wa tano inagonga 1,238,627, karibu kabisa na ile yetu. Dogo aliishika kalkuleta akarudia mara tatu.

Akaniambia mwalimu lakini umechukua bei nzuri, labda asingewahi hiyo minada miwili. Swali zuri sana na nilimpongeza, maana hesabu inayochagua bei inayoipendeza ni ileile ya grupu la WhatsApp. Haya tumpe bwana yule bei mbaya kuliko zote, 2,600 ya mwisho. Toa makato inabaki 2,350, mara 400 ni 940,000, riba 340,000, asilimia 56.7 kwa miezi mitano, zaidi ya 11 kwa mwezi. Kwa hiyo ukweli uko kati ya laki tatu na arobaini na laki sita na arobaini. Hata ule upande wa chini umezidi zile laki mbili na elfu tano alizotaka kumpeleka katibu polisi.

Nikamuuliza je, palikuwa na njia nyingine? Akasema zilikuwepo mbili, kikundi cha akina mama pale kijijini kinatoa kwa asilimia 10, na SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ambayo shangazi ni mwanachama na ana akiba, hao wanatoa kwa asilimia 18. Halafu akasema na yeye mwenyewe angemshauri kikundi kwa sababu 10 ni ndogo kuliko 18. Jamani. Mwanafunzi wa uhasibu. Simlaumu, hata watu wazima wenye maduka hapa mjini wanakosea hapohapo, wanalinganisha asilimia mbili bila kuuliza ni asilimia ya nini na kwa muda gani.

Ile 18 ni ya mwaka. Shangazi angeichukua miezi mitano akalipa mara moja baada ya mauzo: 600,000 mara 18 gawa kwa 100 ni 108,000 ya mwaka, mara 5 gawa kwa 12, ni 45,000. Weka na ada ya fomu asilimia 2, ni 12,000, jumla 57,000. Hiyo ni 9.5 kwa miezi mitano, 1.9 kwa mwezi, kama 22.8 kwa mwaka ukijumlisha na ada.

Ile 10 ya kikundi ni ya miezi sita na inarudishwa kila mwezi. Laki sita na riba elfu sitini, 660,000, gawa kwa 6, kila mwezi 110,000. Wengi wanaishia hapo wanasema elfu sitini kwa laki sita, asilimia 10, basi. Lakini laki sita nzima umekaa nayo mwezi mmoja tu. Mwezi wa pili umebaki na laki tano za watu, wa tatu nne, mpaka wa sita umebaki na laki moja. Wastani wa hela uliyokaa nayo ni 2,100,000 gawa kwa 6, ni 350,000. Kwa hiyo 60,000 igawe kwa 350,000, unapata asilimia 17 kwa miezi sita, karibu 2.9 kwa mwezi (kwa kanuni kamili ya malipo sawa inakuja 2.8), na kwa mwaka ni kama 34. Kumi imekuwa thelathini na nne na kumi na nane imekuwa ishirini na tatu. Umegawa kwa ngapi, ni lile swali letu la mwanzo limerudi na nguo nyingine. Kwa kikundi kuna jambo la haki niliseme, riba ile inarudi kwa wanachama wakivunja kibubu mwisho wa mwaka, kwa hiyo sehemu yake shangazi angeirudishia mfuko wake. Ila Julai, Agosti na Septemba angeitoa wapi 110,000 kila mwezi na korosho bado iko juu ya mti? Kwake hilo lilikuwa gumu kuliko riba yenyewe.

Hapohapo dogo akanikumbushia kwamba redioni alisikia riba ya Benki Kuu ni asilimia 6, kwa nini mtu alipe 18. Benki Kuu ilianza kutumia riba hiyo Januari 2024 kwa asilimia 5.5, Aprili mwaka huohuo ikapanda 6, ndo hiyo aliyoisikia dogo, na Julai 2025 ikashushwa 5.75. Hiyo ni ya mwaka, na inaongoza riba ambayo benki zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe, haimfikii shangazi moja kwa moja. Akielewa hivyo haitamchanganya tena kwenye taarifa ya habari.

Kuna hesabu moja ya mwisho naipenda zaidi. Nilimwambia tumtendee haki yule bwana wa kangomba, na yeye amebeba hatari, bei ingeanguka angepata hasara. Ianguke mpaka wapi? Ili dili lake lilingane na SACCOS, kilo 400 ziwe na thamani ya 657,000, yaani 1,642.5 mkononi, weka makato 250, bei ya mnada 1,893 hivi. Chini ya hapo shangazi ndo angekuwa mjanja. Msimu ule hata zile kilo 70 za daraja la pili ziliuzwa 2,200. Na bei kuanguka ni kweli inatokea, wote tunakumbuka 2018 wakulima walivyokataa bei za wanunuzi mpaka serikali ikaingia kununua kwa 3,300 na jeshi likasomba mzigo, na wapo waliosubiri malipo yao kwa miezi. Elfu tatu na mia tatu ya leo na elfu tatu na mia tatu ya miezi sita mbele siyo hela moja kwa mtu aliyekopa kwa 1.9 kila mwezi, wacha wa 15. Muda na wenyewe unakaa chini ya mstari.

Jioni tukampigia shangazi, spika ikiwa wazi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za Mtwara. Nikamweleza taratibu, ya chama kwanza. Akasema yeye alijua katibu hajamla kitu, ila huyu mtoto na makaratasi yake nani amzuie. Tukaingia kwenye kangomba, nikamtajia laki sita na arobaini kwa hali ile, laki tatu na arobaini kwa hali ya chini. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema mwalimu, nimekuelewa, lakini SACCOS ningeomba Juni wangenipa Agosti, na mtoto alitakiwa aripoti Julai, wewe hiyo umeihesabu?

Sikuwa nimeihesabu, na nilimwambia hivyo. Nikamuuliza, kati ya zile laki sita ni kiasi gani kilikuwa hakiwezi kusubiri. Akahesabu kwa sauti: vitu vya shule na nauli kama laki mbili na nusu, vibarua nusu ungewaambia wasubiri, petroli kidogo kidogo. Kumbe cha haraka kilikuwa laki tatu. Kwa bei ya yule bwana laki tatu ni kilo 200, zile 200 nyingine zingeenda mnadani na hapo tu, hata kwa bei mbovu ya 2,600, angebakiwa na 470,000 mkononi, mkopo wa SACCOS wa laki tatu za Agosti angeulipa wote na chenji ikabaki. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema basi huyu mtoto anisomee tena hizo namba polepole niandike.

Dogo alimpigia katibu usiku uleule. Na shangazi fomu ya SACCOS ya mwaka huu aliijaza mwezi wa nne, siyo wa sita, ya laki tatu na nusu, imeshapita kwa wadhamini inasubiri kikao.